Dawa ya Safu ya Kwanza

Nyumba za Kiwanda
4 Februari

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Barua yako ilifika imelowa kona moja, lakini maneno yote yalikuwa mazima, na kwa jinsi unavyoandika mengi, hata yangepotea nusu ningeelewa.

Huku hatujambo. Mapacha wameanza kung'oka meno ya mbele, kwa hiyo nyumba nzima inaongea kwa mluzi. Kazini tumepata oda kubwa ya vifaa vya maabara za shule, testi tyubu na zile chupa za shingo ndefu. Siku nzima nimesimama mbele ya tanuri, bomba mdomoni, napuliza kioo. Wanafunzi wako wakivunja moja, wajue wamevunja pumzi ya kaka yako. Hata jina langu siku hizi wamelisahau, wananiita Pumzi tu.

Sasa sikia vituko. Zahanati ya kiwanda walitupima presha, yangu ikaonekana imepanda kidogo, nikaambiwa nipunguze chumvi. Nikamwambia wifi yako. Yule mwanamke hajui kupunguza kitu, anajua kufuta. Chumvi imefukuzwa nyumbani kama mpangaji mkorofi. Nakula mboga zenye ladha ya gazeti. Hata lile pipa la maji ya chumvi tunalowekewa karibu na tanuri kwa ajili ya jasho, amemwendea nyapara na kumwambia nisionekane hapo na kikombe. Na nyapara mwenyewe anamwogopa.

Zile dawa zangu nakunywa kama kawaida, asubuhi na jioni. Wifi yako bado anajua ni za vidonda vya tumbo. Usianze kunihubiria. Alinikuta nimeshapona. Yule mtu aliyeuza vitanda vya mama akanunua tarumbeta tatu, aliyekesha akiuhutubia ukuta, kisha akajifunika shuka akalia msimu mzima, mke wangu hamjui, na sitaki amjue. Wewe uliyenishika mkono kunipeleka hospitali unatosha.

Ila nina swali la kisomi. Daktari aliwahi kuniambia dawa hii inatoka kwenye mawe, eti ni chumvi ya aina yake. Ni kweli? Jiwe linatulizaje kichwa cha mtu?

Wasalimie wanafunzi.

Kaka yako,
Pumzi

*

Shuleni
19 Februari

Kaka mpendwa,

Nimecheka mpaka mwalimu wa hesabu amechungulia dirishani. Mboga zenye ladha ya gazeti!

Swali lako limekuja siku yake, maana wiki hii ndiyo nafundisha jambo hilo. Ni kweli. Ndani ya dawa yako mna lithiamu, metali nyepesi kuliko metali zote. Nimetundika jedwali la elementi ubaoni, karatasi kubwa yenye vyumba vidogo vidogo, kila elementi na chumba chake. Ukilisoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, unaanza na metali laini, wakarimu, kila moja ina elektroni moja ya nje na inaitoa hata bila kubembelezwa. Kadiri unavyokwenda kulia, atomi zinajibana, zinashikilia vyao. Metali zinakwisha, wanaingia wale wenye tamaa ya elektroni za wenzao, na mwisho kabisa ukutani wamekaa gesi wasiotaka kutoa wala kupokea. Kama shangazi.

Ukishuka kutoka juu kwenda chini, atomi zinanenepa. Ile elektroni ya nje inakaa mbali na kiini, na kuipoteza kunakuwa rahisi zaidi. Niliwaonyesha kwa beseni la maji. Lithiamu ikaelea ikichemka polepole. Sodiamu, iliyo chini yake, ikayeyuka ikawa gololi, ikakimbia huku na huku ikizomea. Potasiamu, iliyo chini ya sodiamu, ikawaka moto wa zambarau, na darasa zima likahamia nyuma. Hao wote ni safu moja, safu ya kwanza. Tabia ni ile ile, ukali tu ndio unaozidi ukishuka.

Kwa hiyo lithiamu ya dawa yako na sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya mezani ni ndugu wa safu moja, kama wewe na mimi. Inatulizaje kichwa, hilo hata wataalamu hawajakubaliana. Inatosha kwamba inakutuliza.

Kuhusu chumvi, mtii wifi. Presha si mchezo. Usiniletee ujanja wa kwenda kulamba chumvi kwa jirani.

Je, damu unapimwa? Daktari alisema lazima ipimwe mara kwa mara, waone dawa imefikia kiasi gani. Na mwambie mkeo ukweli. Mimi mdomo nimefunga kama ulivyotaka, lakini unajua kumfunga mdomo mtu kama mimi ni adhabu.

Mvua huku imeanza na haina adabu.

Nduguyo,
Chiriku

*

Nyumba za Kiwanda
11 Machi

Wifi yangu,

Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana siku zote mwandishi ni kaka yako. Nakuandikia yeye akiwa kazini, na nakuomba usimwambie.

Wifi, kaka yako anakunywa pombe?

Niambie ukweli, wewe ni damu yake. Mikono inamtetemeka. Mwanzoni ilikuwa kidogo, akishika kikombe cha chai. Sasa hata kifungo cha shati namfungia mimi. Anatembea kapanua miguu kama mtu aliye kwenye mashua. Wiki iliyopita amevunja chupa nyingi kazini, na ulimi unamburuta, anaanza neno halafu analiacha katikati. Wenzake wameanza kumcheka. Nimemnusa mdomo akiwa amelala, Mungu anisamehe, nikamnusa na nguo. Sisikii harufu ya pombe. Lakini wanasema zipo zisizonuka.

Tumbo nalo linamwendesha, na anatapika. Nimemwambia twende hospitali, anasema ni joto la tanuri litapita. Kwa hiyo ninachoweza kufanya ni kumsimamia zile dawa zake za tumbo. Zamani alikuwa anakunywa mwenyewe, sasa anasahau, basi namwekea mkononi na maji namshikia. Tumbo likichafuka sana namwongezea kimoja cha mchana. Na chumvi haipiti mlango huu, hilo usiwe na wasiwasi. Alinisomea ulivyoandika kuhusu chumvi, nikafurahi kuwa uko upande wangu.

Nijibu upesi. Usinifiche.

Wifi yako,
Mama Pacha

*

17 Machi

Chiriku

Mwandiko usiucheke. Kalamu inakwenda inakotaka.

Wamenisimamisha kazi. Nyapara kasema nenda nyumbani ukalale mpaka ikutoke. Mbele ya watu. Nikasema sijanywa kitu lakini maneno yametoka kama ya mlevi kweli, wakacheka, hata mimi ningecheka.

Damu umeuliza. Mashine ya hospitali mbovu tangu mwaka jana, wanasema njoo mwezi ujao.

Sijagusa chumvi. Nimetii kama ulivyosema. Nakunywa maji mengi sana kiu haiishi.

Naogopa ni ule ugonjwa unarudi kwa mlango mwingine. Ndiyo maana dawa siachi hata moja. Mke wangu ananipa. Mzuri sana yule, anadhani ni tumbo.

Usimwambie.

Kaka

*

TELEGRAMU, 30 Machi
KWA: MKE WA FUNDI PUMZI, KIWANDA CHA VIOO
SIMAMISHA VIDONGE VYOTE SASA HIVI. MPELEKE HOSPITALI KUU LEO. WAAMBIE LITHIAMU. CHIRIKU

*

Shuleni
30 Machi

Wifi,

Kama telegramu yangu imekufikia na umefanya nilivyosema, barua hii utaisoma baadaye. Kama haijafika, acha kusoma hapa hapa. Vile vidonge usimpe tena hata kimoja. Mchukue yeye na kichupa cha dawa, nendeni hospitali kuu, na barua hii mpe daktari.

Kaka hanywi pombe. Hana vidonda vya tumbo pia. Nilimwahidi sitasema na sasa nasema. Kabla hujamjua aliugua kichwa, ugonjwa unaompandisha mtu mpaka halali, kisha unamwangusha mpaka hawezi kuamka. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomrudisha, na ndivyo vilivyomweka sawa miaka yote mliyoishi naye. Alikuficha kwa kuogopa utamwangalia kwa jicho lingine. Ni hilo tu. Hakuna baya lingine.

Ndani ya vidonge mna lithiamu, na lithiamu ni ndugu wa chumvi. Nitakueleza upesi. Kinachoisafisha damu ni figo. Mtu akikosa chumvi, naye yuko mbele ya tanuri anatoka jasho, figo linaanza kubana sodiamu yote inayopita, isipotee. Lakini mbele ya figo, lithiamu na sodiamu ni watu wa safu moja, sura zinafanana. Linazibana zote mbili. Dawa iliyotakiwa kutoka inarudishwa ndani. Kile kipimo cha siku zote kimegeuka sumu, Wifi, na mtetemeko wake na ulimi wake na kutapika kwake ndiyo sumu yenyewe.

Haya yote nilikuwa nayo ubaoni. Niliyaandika kwa chaki nikayapigia mstari. Kisha nikakaa mezani nikamwandikia akutii.

Barua yako na ya kaka nimezipata leo kwa pamoja. Daraja limekwenda na maji. Kuna mashua ya serikali imevusha unga na mfuko wa posta, inageuka sasa hivi, haichukui abiria. Nimemsihi nahodha, nimemlilia, amenionyesha bunduki ya askari. Simu imekatika. Telegramu wameituma kwa redio ya polisi, na anwani pekee niliyokuwa nayo ni ya kiwanda. Barua hii anaichukua huyo nahodha, yuko hapa anapiga honi.

Mpeleke. Mpeleke.

Chiriku

*

Hospitali kuu
14 Aprili

Wifi,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma mengine.

Barua yako imeitangulia telegramu. Telegramu ilikaa langoni kiwandani. Mlinzi alimwekea Pumzi ndani ya droo, ampe akija kazini. Hakujua kwamba amesimamishwa. Alinikabidhi juzi, akaniomba radhi, mzee wa watu.

Siku moja baada ya wewe kuandika, kaka yako alianguka mlangoni, macho yamegeuka, mwili mzima unarukaruka. Majirani walimbeba. Hospitali wakaniuliza, "Anatumia dawa gani?" Nikawajibu bila wasiwasi kabisa, "Za tumbo." Basi wakamtibu malaria. Wakamtibu homa ya uti wa mgongo. Mimi nimekaa chini kando ya kitanda, vidonge viko kwenye kikapu changu, na nilipoona wauguzi wamezubaa nilimtilia kimoja mdomoni na maji, nikijua namsaidia.

Jirani akaleta barua yako. Nikampa daktari. Aliisoma amesimama, akaikunja, akauliza, "Aliyeandika hii ni nani?"

"Wifi yangu. Anafundisha sekondari."

Akasema, "Laiti angekuwa anakaa karibu nanyi."

Unajua wamemtibu kwa kitu gani, Wifi? Wamemtundikia maji ya chumvi. Nilikaa nikiyatazama yakidondoka moja moja kwenye bomba, yanaingia mkononi mwake. Chumvi ile ile niliyomnyima.

Sasa amezinduka. Anatujua, mimi na watoto. Lakini kijiko hakipati mdomo, kinakwenda shavuni. Akisimama lazima ashikwe huku na huku. Maneno yake naelewa mimi peke yangu, na wakati mwingine najifanya nimeelewa. Daktari anasema sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo imeungua. Huenda ikapona kidogo. Huenda ikabaki hivyo hivyo. Kioo hatapuliza tena. Na ile dawa amepigwa marufuku maisha yake yote.

Mimi nina hasira na nyinyi wawili. Acha niseme. Miaka yote hiyo nimelala na mtu, nimemzalia watoto, halafu siri ya mwili wake iko kwa dada yake ng'ambo ya mto. Kama ningejua ni dawa gani, ningeuliza. Mimi huuliza, unanijua, hata sokoni nauliza mpaka wananikimbia. Mlinichukulia mimi ni mtu wa kukimbia mgonjwa.

Nimeuliza sasa: je, ule ugonjwa ukirudi, watauzuia kwa dawa gani? Daktari kaangalia dirishani. Kasema tutaona.

Niambie wewe. Ukirudi, nitautambuaje?

Mama Pacha

*

Shuleni
27 Aprili

Wifi yangu,

Hasira yako ni haki yako, siipunguzi. Ningekuwa wewe nisingeandika kabisa.

Nimemwandikia daktari aliyemtibu kaka zamani. Amenijibu kwa karatasi nusu. Dawa nyingine ipo, inaweza kufaa, lakini haijaingia nchini mwaka huu, na ikiingia itakwenda hospitali ya jeshi kwanza. Nimeandika wizarani. Nimeandika kwa kanisa lenye zahanati, nimeandika kwa mtu niliyesoma naye aliyeko nje. Ninachoweza kufanya hapa nilipo ni kuandika tu. Naandika mpaka kidole kimeota sugu. Daraja wanasema mwezi wa saba, na nahodha wa mashua bado hapokei abiria wala machozi.

Umeuliza utautambuaje. Ukija kwa kupanda, utadhani amepona. Atalala kidogo na hatachoka. Ataongea mbio, jambo juu ya jambo. Atampenda kila mtu, atagawa vitu. Atakuwa na mipango mikubwa, na kila mpango utaanza leo. Usibishane naye, hasikii. Ficha funguo na visu. Baadaye ndipo huanguka, na huko chini ndiko kubaya zaidi.

Darasani nimefika safu ya kwanza tena, naidurusu kwa ajili ya mtihani. Msichana mmoja ameuliza, mwalimu, kama zinafanana hivyo, kitu gani kinazitofautisha? Nikamwambia ukubwa, na jinsi kila moja inavyoishika elektroni yake. Ni jibu sahihi, lipo kitabuni. Nikashindwa kuendelea na somo, nikawaambia wanakili jedwali, nikageukia ubao mpaka kengele ilipogongwa.

Msomee kaka barua hii, sehemu ya kwanza tu. Mwambie nampenda. Mwambie sikukasirika kwa lolote.

Chiriku

*

Nyumba za Kiwanda
3 Juni

Chiriku wangu wa dhahabu!

Mimi ndiye kaka yako, nasema na mke wangu anaandika, yeye mkono mimi mdomo, na hajawahi kuandika mbio hivi maishani mwake! Wamesema sitapona, na mimi nimepona. Ulimi uliokuwa mzito sasa hautoshi kwa maneno niliyonayo. Miguu bado inayumba lakini miguu ni kitu gani? Tangu juzi sijalala na sina uchovu hata chembe, naona kila kitu kimetakata kama kioo kikitoka motoni.

Sikiliza mpango. Kiwanda kile tuwaachie wenyewe. Tunajenga tanuri letu uani. Ukuta wa jikoni unatoka leo ili hewa ipite. Nitafundisha vijana wa mtaa mzima, nitatengeneza vioo vya madirisha ya kila nyumba, na maabara za shule zote za dunia zitaandika kwangu. Kwangu! Nyapara nimemtumia barua ya kumsamehe na ya pili ya kumwajiri. Redio nimempa mzee wa jirani kwa sababu alikuwa anaitamani, na kwa nini mtu atamani kitu akikose? Njoo uone, acha kazi, nitakujengea maabara ya kuta za kioo ufundishe humo na watu wa nje wakione kichwa chako kinavyofanya kazi.

Nampenda huyu mwanamke. Andika hilo, mama, andika kwa herufi kubwa. NAMPENDA.

Kaka yako mzima kuliko wote,
Pumzi

Wifi, hapa ni mimi. Amekwenda uani kupima ukuta kwa hatua. Anaanguka, anainuka, anacheka. Nimeandika kila neno kama alivyolisema, maana alikuwa ananichungulia begani.

Ni zile dalili zako zote, hakuna hata moja iliyokosekana. Nilikwenda hospitali, wamesema nimlete. Nikamwambia twende, akasema, "Mimi mzima, mgonjwa alikuwa yule mwenzangu wa kimya." Wanaume wa hapa jirani wamekataa kumkamata, wanasema mtu mwenyewe ana furaha, tumfunge kamba kwa kosa gani?

Nikwambie jambo ambalo siwezi kumwambia mwingine. Jana alinishika mikono yote miwili, akaniambia maneno ambayo tangu anioe hajapata kuniambia. Nilijua ni ugonjwa unaosema. Nilikuwa nimeshasoma barua yako mara nyingi, nimeikariri. Na nilifurahi, Wifi. Nilikaa pale nikasikiliza mpaka mwisho.

Njoo, kuwe na daraja kusiwe na daraja.

Nasikia nyundo. Ameshapanda ukutani, na mapacha wako chini wanapokea matofali na kushangilia, wanadhani baba anacheza nao. Nimemwita ashuke, hasikii. Naishia hapa, nikamshikie ngazi.

Mama Pacha